Msiweke Sahihi Kabla Ardhi Haijasajiliwa

Mkiona mlingoti mwembamba umesimamishwa kwenye malisho yenu, na juu yake vikombe vidogo vinavyozunguka, jueni muda wenu umeanza kuyoyoma. Mlingoti ule hupima kasi ya upepo, mara nyingi kwa mwaka mmoja au zaidi. Vipimo vikiwa vizuri, mwekezaji huvipeleka benki, na benki kabla ya kutoa mkopo itamuuliza swali moja: ardhi hiyo una hati yake? Kwa hiyo hati hutafutwa mapema, wakati hakuna panga hata moja la mtambo wa upepo lililoinuliwa na wanakijiji bado wanadhani vijana wale wenye magari walikuja kupima hali ya hewa. Siku mapanga yatakapoanza kuzunguka, shauri la ardhi litakuwa limekwisha zamani.

Nawaandikia wafugaji wa Marsabit, Samburu na Isiolo, wakulima na wavuvi wa Lamu, na kila jamii ya Kenya inayoishi juu ya ardhi ya mababu ambayo haijasajiliwa kwa jina lake. Umeme wa upepo mimi nautaka. Nchi inauhitaji, na upepo wa kaskazini ni utajiri wa kweli. Lakini nimeona jinsi utajiri huo unavyoweza kuchukuliwa mikononi mwa wenyewe kwa karatasi waliyosomewa haraka, au ambayo hawakuwahi kuiona.

Tazameni Loiyangalani, huko Marsabit. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na ulipozinduliwa Julai 2019 ulisifiwa kuwa mkubwa kuliko yote barani Afrika. Ardhi iliyotengwa kwa ajili yake ni ekari 150,000. Sehemu inayokaliwa na mitambo yenyewe ni ndogo mno ukilinganisha na ukubwa huo, ila hati zilishika eneo lote: malisho ya Warendile, Wasamburu na Waturkana wa huko, njia za mifugo na sehemu za kuhamia wakati wa kiangazi. Kijiji cha Sarima kilihamishwa kupisha ujenzi. Barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ilitengenezwa, na hilo ni jema ambalo hakuna haja ya kulificha. Lakini laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 420 ilikwenda moja kwa moja hadi Suswa, huku manyatta zilizo jirani na mitambo zikibaki na giza lao.

Wenyeji walikwenda mahakamani mwaka 2014. Oktoba 19, 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati zile zilipatikana kinyume cha sheria. Sheria ya wakati ule ilitaka wananchi waarifiwe, wasikilizwe na wafidiwe kabla ardhi yao haijatengwa, na mahakama ikaona utaratibu haukufuatwa. Wahusika wakapewa mwaka mmoja kurekebisha mambo, la sivyo hati zifutwe. Waliomba waongezewe muda, na mwaka 2023 mahakama ikakataa.

Hesabuni wenyewe. Kesi ilifunguliwa 2014, hukumu ikaja 2021. Katika miaka hiyo saba mitambo ilijengwa yote, laini ikavutwa, umeme ukauzwa, rais akaja kuzindua. Wenyeji walishinda, na siku waliposhinda mapanga yalikuwa yanazunguka juu ya malisho yao. Nani atang'oa mitambo 365 inayolisha gridi ya taifa? Hukumu hiyo ni nzuri na niliifurahia, lakini nawasihi msiitegemee kama ngao. Haki iliyochelewa namna hiyo hukukuta umeshahama.

Ngao mnayo tayari, na inanisikitisha kuona jamii nyingi hazijaishika. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema serikali ya kaunti inashikilia ardhi ya jamii isiyosajiliwa kwa niaba yenu tu. Hairuhusiwi kuiuza, kuihamisha wala kuigeuza kuwa ya mtu binafsi. Na mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii hauwezi kupita mpaka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii wauidhinishe katika mkutano ulioitwa kwa kazi hiyo. Watu wazima wote, yaani wanawake na vijana pamoja na wazee. Wazee watano waliopelekwa hotelini Nairobi hawatoshi. Chifu hatoshi, mwakilishi wadi hatoshi, hata mbunge hatoshi.

Hapa ndipo hatari ilipo leo. Jamii ambayo haijasajiliwa haina daftari la wanachama, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema theluthi mbili ni watu wangapi. Haina kamati iliyochaguliwa, kwa hiyo yeyote mwenye kofia na fimbo anaweza kujitokeza kuwa msemaji. Panaitishwa baraza, soda zinagawiwa, posho kidogo inatolewa, na karatasi inazunguka ili kila mmoja aandike jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Mnaambiwa ni ya mahudhurio. Iangalieni karatasi hiyo kwa makini. Kama juu haina kichwa kinachosema wazi ni orodha ya waliohudhuria, na tarehe, na mahali, msiitie sahihi. Na kama inacho, ipigeni picha kwa simu kabla haijaondoka. Majina yenu yasije yakaambatanishwa na ripoti inayosema mlikubali.

Mama mmoja akiuliza barazani, "Ng'ombe wetu watapita wapi?" asinyamazishwe kwa kuambiwa swali hilo litajibiwa baadaye. Sheria hiyo ya 2016 inataka mkataba ueleze athari kwa mazingira, fidia na mgao wa mapato, na jinsi ardhi itakavyorudishwa katika hali yake mradi ukiisha. Njia za mifugo na visima viandikwe humo, kwa majina mnayoyatumia nyinyi.

Kuna hatari nyingine, na hii inatoka kwetu wenyewe. Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, mradi wa mitambo 38 wa megawati 60.8 ulifutwa mwaka 2016 baada ya wakulima kuupinga kwa nguvu. Msingi wa malalamiko ulikuwa mzito: ardhi, fidia, na wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Lakini pamoja na hayo ulisambaa uvumi kuhusu magonjwa ambayo mitambo ingewaletea watu na mifugo, wanasiasa wakaudaka, na mwaka 2015 mtu mmoja akauawa katika maandamano. Mkianza kusema mapanga yanatoa mimba au yanakausha maziwa, mnampa mwekezaji njia rahisi ya kuwaita wajinga na kuruka hoja yenu ya kweli. Hoja yenu ni ardhi. Ishikilieni hiyo.

Kajiado mambo yalikwenda vingine. Mradi wa Kipeto una mitambo 60 na megawati 100. Wamaasai wa pale walikuwa na hati zao mkononi, hivyo kampuni ililazimika kukodi ardhi kutoka kwa mwenye shamba mmoja mmoja na kumlipa sehemu ya mapato, na mfuko wa jamii ukapewa hisa asilimia 5. Sisemi kila mtu ameridhika huko. Nasema mwenye hati huketi mezani akiwa na kitu cha kukataa.

Basi anzeni mwezi huu. Andikieni msajili wa ardhi ya jamii katika kaunti yenu, itisheni mkutano wa kuchagua kamati ya watu kati ya 7 na 15, na andikeni daftari la wanachama bila kumwacha mjane wala kijana aliye masomoni. Jamii za Il Ngwesi na Musul huko Laikipia zimeshapata hati chini ya sheria hii, kwa hiyo njia inapitika. Tumeni watu wakawaulize. Mpaka hati itoke, jibu kwa mwekezaji liwe moja na liwe la maandishi: hatujakataa, hatujakubali, tunasajili ardhi yetu kwanza. Nakala yake ipelekeni kwa gavana, kwa Tume ya Taifa ya Ardhi na kwa NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, na mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ikitokea NEMA imetoa leseni ya mazingira bila ninyi kusikilizwa, mna siku 60 kukata rufaa kwenye Mahakama Maalumu ya Mazingira (National Environment Tribunal). Msingoje kuambiwa; mteueni mtu mmoja, kijana mwenye simu na subira, awe akiuliza ofisi ya NEMA ya kaunti kila wiki kama kuna ombi lolote linalotaja jina la eneo lenu.