Tuiite Sumu kwa Jina Lake

Kiswahili kina neno moja, dawa, kwa kile anachonyweshwa mtoto mgonjwa na kwa kile kinachonyunyiziwa nyanya. Kijaluo nacho huita vyote viwili yath. Si kosa la lugha. Lakini neno jema laweza kuficha jambo baya. Mkulima wa Rangwe aliyenyunyiza asubuhi, mvua ya alasiri ikamwoshea jasho lake, hurudi kesho na kuongeza kipimo. Kwani dawa ikizidi ina ubaya gani?

Ubaya upo. Kilichooshwa hakipotei, huteremka na vijito kuelekea Ziwa Victoria. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa ziwa hilo, kwa hofu ya sumu za shambani zilizotumiwa na baadhi ya wavuvi. Waliotenda walikuwa wachache. Waliokosa soko walikuwa wengi.

Wanasayansi wametuonyesha njia nyingine. Watafiti wa ICIPE, taasisi yenye kituo kule Mbita katika kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay, pamoja na wenzao wa Marekani, walijaribu karatasi ya nyuzi za mgomba. Karatasi hiyo ina vitundu vidogo mno. Hutiwa chembe ya sumu iitwayo abamektini, hufungiwa kiazi cha mbegu, kisha hupandwa pamoja nacho. Sumu hutoka kidogo kidogo penye mizizi, pale pale minyoo waharibifu wanaposhambulia, na karatasi yenyewe huoza. Majaribio ya viazi mbatata nchini Kenya, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha mavuno yakiongezeka sana. Ajabu ni kwamba hata karatasi tupu ilisaidia, kwa kuwa hunasa kemikali za mizizi ambazo huwaamsha na kuwavuta minyoo hao.

Naam, Rangwe si nchi ya mbatata, na mdudu wa majani hazuiwi na karatasi iliyo ardhini. Lakini kanuni ni ile ile: kinachookoa mmea si wingi wa sumu, bali mahali pake na kipimo chake. Kanuni hiyo haiwezi kumwingia mtu anayedhani kwamba anaganga.

Hapa ndipo ninapowaomba walimu. Mwalimu wa Kilimo na mwalimu wa Kiswahili na wakae meza moja. Wataalamu wanalo neno viuatilifu. Walifundishe, lakini kwanza waseme sumu. Wanafunzi wasome kibandiko cha chupa darasani: kipimo, rangi ya tahadhari, siku za kungoja kabla ya kuvuna. Kisha wakawasomee wazazi wao nyumbani, kwa Kijaluo, na badala ya yath waseme kinachoua.

Karatasi ya mgomba huenda ikachelewa kufika Rangwe. Neno la kweli halihitaji kungojea gari.