Apple na Epic: dola 3 juu ya kila dola 10

Tangu mwezi wa nane 2020, Apple na Epic Games wanavutana mbele ya mahakama ya Marekani. Mchezo Fortnite unapakuliwa bure. Pesa inaingia pale mchezaji anaponunulia mhusika wake nguo mpya. Juu ya dola 10, Apple ilikuwa inakata 3. Epic ikaweka njia yake ya kulipa, Apple ikauondoa mchezo siku ile ile.

Tarehe 30 mwezi wa nne 2025, hakimu Yvonne Gonzalez Rogers aliikataza Apple kukata kitu juu ya malipo yanayofanyika nje ya programu. Lakini amri hiyo ilikuwa ya duka la Marekani tu. Mwenye iPhone Goma ao Bukavu haikumuhusu, na risiti yake haimuonyeshi Apple imechukua ngapi.