Umaskini wa mkulima wa korosho una miezi yake

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Mstari huo uliwekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Miaka sita kabla ya hapo, katika utafiti wa 2011/12, kiwango kilikuwa asilimia 28.2.

Sina ugomvi na takwimu hizo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya kazi ngumu, na bila namba huwezi kupanga bajeti. Tatizo linaanza pale wastani wa taifa unapochukuliwa kama maelezo ya maisha ya mkulima wa Mtwara, ambaye mwaka wake una mabonde na milima.

Tazama kalenda yake. Kuanzia Oktoba minada ya korosho hufunguliwa, chama cha msingi kinakusanya, malipo yanaingia. Kwa miezi michache kaya inakula vizuri, inalipa madeni, inanunua bati. Ikifika Februari mvua imekolea, mahindi bado yako shambani, ndani umebaki muhogo, na fedha za korosho zimekwisha. Halafu inakuja Juni na Julai, mikorosho inataka palizi na salfa, na mfuko ni mtupu. Walioko Kitaya na Mahurunga wana nafuu kidogo kwa sababu ya mpunga wa bonde la Ruvuma. Mvuvi wa Msimbati naye ana kalenda yake: kusi likivuma kwa nguvu, mtumbwi mdogo hautoki.

Katika miezi hiyo ya ukame wa fedha ndipo anapoingia mnunuzi wa kangomba. Anatoa fedha taslimu leo, nje ya mfumo rasmi, na korosho atazichukua msimu ukifika, pengine zikiwa bado maua wakati wa makubaliano. Tuchukue mfano. Mkulima akipewa shilingi 50,000 mwezi Julai kwa hesabu ya shilingi 1,000 kwa kilo, atatoa kilo 50. Mnada ukifungua kwa shilingi 3,000, kilo hizo zina thamani ya shilingi 150,000. Amekopa kwa miezi mitatu au minne na kulipa mara tatu ya alichochukua. Hakuna benki inayothubutu kutoza riba ya namna hiyo, na sijawahi kuiona gharama hiyo katika jedwali lolote la umaskini.

Mwaka 2018, wanunuzi binafsi walipotoa bei ambayo wakulima waliikataa, Serikali ya Rais Magufuli iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likasomba mzigo. Uhakiki ulifanywa ili wa kangomba wasilipwe, na wengi walisubiri fedha zao kwa muda mrefu. Kangomba ni kosa, na mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08 umemsaidia mkulima kupata bei ya ushindani. Lakini mfumo huo unamlinda yule anayeweza kusubiri mnada. Aliyekwisha kula korosho zake mwezi Julai hana cha kupeleka ghalani.

Sasa tuje kwenye TASAF. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa mwaka 2012, ulifikia zaidi ya kaya milioni moja, na majina ya walengwa yalianzia katika mkutano wa kijiji kabla ya kupitishwa kwenye dodoso. Huo ni utaratibu mzuri, kwani jirani anajua nani analala njaa. Dodoso, hata hivyo, hutazama vitu vinavyoonekana, kama vile nyumba na mali zilizomo. Kwenye ukanda wa korosho, bati linaweza kumponza mtu. Msimu wa 2017/18 uzalishaji ulizidi tani 300,000 na bei mnadani ikafika shilingi 4,000 kwa kilo. Aliyeezeka mwaka ule bado ana bati, hata kama Februari hana unga.

Kuhusu kiasi, mpango ulipoanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, na mwenye watoto angeweza kufikia shilingi 38,000. Mstari wa umaskini wa 2011/12 ulikuwa shilingi 36,482, tena kwa mtu mzima mmoja tu. Kwa hiyo ruzuku haikukusudiwa kumvusha mtu mstari, na tusiipime hivyo. Tuipime kwa swali dogo zaidi: je, ilifika kabla mkulima hajauza maua?

Utaratibu wa kulipa kila baada ya miezi miwili, sawasawa nchi nzima, ni rahisi kwa mhasibu. Kwa mikoa ya korosho ningependekeza jumla ileile ya mwaka igawanywe upya, sehemu kubwa itoke Februari na Julai, na kidogo itoke Novemba wakati minada inaendelea. Salfa ya bure, iliyotolewa na Serikali katika misimu kadhaa, inapunguza sababu moja ya kukopa. Sababu ya chakula na ya vibarua inabaki.

Wapo watakaosema maskini akipewa fungu kubwa atalinywa. Tathmini ya majaribio ya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, yaliyotangulia mpango huu, ilikuta kaya zilizopokea fedha zikinunua zaidi kuku, viatu vya watoto na kadi za Mfuko wa Afya ya Jamii.

Dodoso nalo liongezwe swali moja baada ya yale ya paa na sakafu: korosho zako za mwaka huu uliahidi kumpa nani, na mwezi gani? Mkulima atajibu kweli iwapo tu atahakikishiwa kwamba karatasi hiyo haitafika polisi.