Injini ya pikipiki ifungue mwenyewe, ila usipime kwa sikio

Leo naweka kando mbolea na mbegu niseme juu ya pikipiki, kwa sababu mwaka jana pikipiki yangu ilimharibia mtu viazi.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili, mvua za Njombe zikiwa haziachi, mama mmoja alinipigia simu asubuhi. "Bwana shamba, majani ya viazi yana mabaka meusi, na kwa chini yana kama unga mweupe." Nikajua ni ukungu, ule tunaouita baka jani chelewa, ambao kwenye baridi na unyevu haukupi muda wa kufikiri. Nikatoka kupiga kiki. Nikapiga tena. Kiki ilikuwa nyepesi kama pedeli ya baiskeli, injini haina mgandamizo kabisa. Ushauri wa simu nilimpa, lakini dawa aliyopewa dukani ilikuwa ya wadudu, na dawa ya wadudu haiui ukungu. Ningekuwepo ningeisoma lebo. Nilifika siku ya tano kwa lifti ya lori la mbao, nikakuta nusu eka imelala kama imemwagiwa maji ya moto.

Fundi alipofungua kichwa cha injini, valvu ya kutolea moshi ilikuwa imeliwa ukingoni. Mwenye kosa hakuwa fundi, nilikuwa mimi. Miezi miwili kabla nilikuwa nimeseti tapeti mwenyewe nyumbani, nikazikaza mpaka ule mlio wa tik-tik-tik ukapotea, nikajisifu kwa jirani kwamba chombo kinanguruma kama kipya.

Wengi wakisikia kisa hiki wanasema basi, usiguse injini, peleka gereji. Mimi sikubaliani nao. Ninapofanyia kazi, gereji iko umbali wa saa nzima barabara ikiwa kavu, na mkulima mwenye pikipiki moja ya kubebea viazi na watoto hawezi kuilaza huko siku mbili kwa kazi ya nusu saa. Halafu tuseme ukweli: hata huko gereji, mara nyingi tapeti zinasetiwa kwa sikio, vilevile nilivyofanya mimi. Kwa hiyo fanya mwenyewe, na vifaa vya kutengeneza nyumbani vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Ila utofautishe kifaa cha kuzungusha na kifaa cha kupima. Cha kuzungusha kikikosewa, utakiona kinateleza, utakichonga upya. Cha kupima kikikosewa hakikwambii kitu mpaka siku ya lori la mbao.

Kwanza tuelewane kuhusu ule mlio. Kati ya mkono unaosukuma valvu na ncha ya valvu yenyewe kuna nafasi ndogo sana. Kwa injini za aina ya Honda CG125, ambazo ndizo zilizoigwa na pikipiki nyingi za Kichina tunazoendesha, nafasi hiyo ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Chuma kikipata moto kinarefuka, na nafasi ndiyo inayokipa pa kurefukia. Ukiimaliza, valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake. Na valvu ya moshi hupoa kwa kukaa kwenye kiti. Pale ndipo inapotua joto lake. Ikibaki wazi hata kwa unywele, joto halitoki, moshi wa moto unapenya ukingoni, na chuma kinaanza kuliwa. Tena kadiri pikipiki inavyotumika valvu huzama kidogo kidogo kwenye kiti, nafasi inapungua yenyewe bila mtu kugusa. Ndiyo maana pikipiki inayogonga kidogo hainitishi. Inayonitisha ni ile iliyokuwa inagonga, ikanyamaza.

Sasa vifaa. Skrubu ya kusetia tapeti kwenye injini hizi ina kichwa kidogo cha pembe nne, na wengi tunaishika kwa koleo mpaka pembe zinakwisha. Mimi nilimpelekea mhunzi wetu, huyu anayetengeneza majembe na nyengo, skrubu ya zamani iwe kipimo. Alipasha moto kipande cha bomba jembamba, akalipondea juu ya ile skrubu mpaka likashika umbo lake, akaliwekea mkono wa nondo. Hiyo ndiyo funguo yangu hadi leo, na haijateleza. Vivyo hivyo kwa zile nati za duara zenye mipasuo minne zilizo ndani ya upande wa klachi. Usizipige kwa tindo na nyundo. Bomba la unene unaofaa, likichongwa meno manne kwa tupa, linazifungua bila kuzijeruhi.

Kujua kama pistoni iko juu, toa plagi uingize mrija wa soda kwenye tundu lake, uzungushe injini taratibu ukiuangalia mrija unavyopanda. Usitumie waya wala msumari. Utachubua silinda, au utaunasa ndani na kuanza kazi nyingine. Mrija unakupa makadirio tu. Uhakika uko kwenye alama ya T ya magneti, ilingane na alama ya kwenye kava. Hapo shika mikono ya valvu utikise. Kama yote miwili inacheza, uko sehemu sahihi. Kama mmoja umebana, zungusha injini mzunguko mmoja kamili, urudi kwenye T. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi wanakosea: wanaona T, wanaanza kulegeza.

Kwenye kupima ndipo ninapokuwa mkali. Nunua fila, lile bunda la vibati vyembamba vilivyoandikwa unene wake. Langu nililipata kwa pesa isiyofika bei ya lita tano za petroli. Wapo wanaotumia kipande cha kopo la soda. Kinakunjamana, huwezi kukiamini. Ukiwa porini na huna fila, wembe mpya wa kunyolea una unene wa karibu milimita 0.1. Ukipita kwa kukwaruza kidogo, nafasi yako imezidi kidogo ile 0.08, na kuzidi kidogo ni salama kuliko kupungua. Uvunje kwa uangalifu ndani ya kitambaa, uufute mafuta, na ukifika nyumbani upime tena kwa fila. Na kama pikipiki yako si ya aina hiyo, tafuta namba yake kwenye kitabu chake. Usiazime namba ya Honda uipe Boxer.

Kwa plagi nina huruma zaidi, maana makosa madogo hayaunguzi kitu. Injini hizi zinataka mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7, na utepe wa msumeno wa chuma una karibu 0.63. Tumia mgongo wake, si upande wa meno, kwa sababu meno yamepindishwa huku na huku na unene wake unadanganya.

Injini iwe imelala usiku kucha kabla ya kupima tapeti. Si saa mbili baada ya kutoka sokoni. Usiku kucha.

Kabureta nayo ina neno lake kwetu huku. Nilihamia Njombe na pikipiki niliyokuwa nayo bonde la Kilombero. Kule uko mita mia chache tu juu ya usawa wa bahari. Hapa mjini Njombe tunakaribia mita 2,000. Hewa ni nyepesi, petroli inayotoka kwenye jeti ni ileile, kwa hiyo injini inakula mafuta mengi kuliko hewa: inavuta kwa uzito, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi. Nilinunua plagi tatu kabla sijaelewa kwamba plagi haikuwa mgonjwa. Nilichofanya ni kupandisha klipu ya sindano ngazi moja, sindano ikashuka, mafuta yakapungua katikati ya mwendo. Kisha skrubu ya mchanganyiko: ifunge polepole hadi iguse, ukihesabu mizunguko, uandike namba hiyo kwenye daftari. Halafu irudishe ilipokuwa, uibadilishe robo mzunguko kila safari. Kabureta nyingine kuifungua skrubu hiyo ni kuongeza mafuta, nyingine ni kuongeza hewa, kwa hiyo usifuate alichofanya jirani. Tembea kilomita kadhaa, toa plagi, iangalie. Kahawia ndiyo tunayotaka. Nyeupe kabisa ni hatari kuliko nyeusi, maana injini hiyo inachemka.

Jeti ikiziba, izibue kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki au njiti laini ya fagio. Ukiingiza waya utapanua tundu, na tundu la jeti likishapanuka halirudi. Vijana wa bodaboda wanaolipanua kwa makusudi wapate mwendo, wakatoa na chujio la hewa ili pikipiki ipige kelele, hao sina la kuwaambia zaidi ya kwamba vumbi la barabara zetu kiangazi linasaga silinda kama msasa.

Wenzangu mliopokea pikipiki za Serikali mwaka 2022, haya ya kufungua injini si yenu. Chombo kile kina utaratibu wake wa matengenezo. Safisha plagi, kaza cheni, osha chujio, badilisha oili kwa wakati, na linalozidi hapo liandikie barua kwa msimamizi wako. Mimi ninaongelea pikipiki yangu binafsi, na yako wewe mkulima.

Yule mama alipanda tena mwezi wa nane bondeni, kwa kumwagilia. Safari hii nilifika mapema, nikamwonyesha dawa ya ukungu inavyosomwa kwenye lebo. Mhunzi naye kwa sasa ana oda sita za funguo ya tapeti. Na fila yangu iko kwa fundi yuleyule aliyefungua injini. Aliniomba aiazime siku moja, huu ni mwezi wa pili, na bado sijaidai.