Sisikii Furaha: Je, Wokovu Wangu Umepotea?



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulificha, hasa waliojifungua karibuni. Mama ameokoka miaka mingi, anahudumu kanisani. Amepata mtoto salama, ndugu wanaleta uji na kanga. Lakini akipiga magoti, maneno hayaji. Akisikia wenzake wakishuhudia, moyo unamwambia: "Wewe hukuokoka kweli. Mungu amekuacha." Anaona haya kusema, maana watu watamfikiriaje?

Dada mpendwa, kwanza fahamu kwamba mashaka si uasi. Yule baba aliyemletea Yesu mwanawe mgonjwa (Marko 9) alikiri mbele ya watu kwamba imani yake ina upungufu. Yesu hakumfukuza, bali alimponya mtoto. Susanna Wesley wa Uingereza, aliyezaa watoto 19, mmojawapo mhubiri John Wesley, alikuwa na miaka 70 hivi mwaka 1739 alipopata uhakika, akiwa kwenye Meza ya Bwana, kwamba dhambi zake zimesamehewa. Je, miaka yote aliyowafundisha watoto wake kusali, Mungu hakuwa naye? Mtoto aliyelala mgongoni hamshiki mama yake. Mbeleko ndiyo inayomshika. Vivyo hivyo, tumeshikwa na mkono wa Kristo (Yohana 10:28), si na hisia zetu.

Pili, tuutazame mwili. Siku chache baada ya kujifungua, homoni hushuka kwa haraka. Mama wengi hulialia kuanzia siku ya tatu hivi, na hali hiyo huisha ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, huenda ni sonona. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata ugonjwa wa akili baada ya kujifungua, na zaidi ni sonona. Ugonjwa huu huondoa usingizi, hamu ya chakula na furaha, hata furaha ya maombi. Ndipo mama Mkristo hudhani amepotea, kumbe anaumwa.

Utatofautishaje? Roho Mtakatifu akituhukumu, huonyesha jambo maalumu: ulisema uongo, au una chuki na wifi yako. Ukitubu, amani hurudi. Sonona hukushtaki kwa kila kitu, na hata ukitubu mara kumi kwa siku, hupati pumziko.

Kumbuka Eliya (1 Wafalme 19). Alichoka hata akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji mara mbili, ndipo baadaye akasema naye.

Basi ufanye nini?

1. Mwambie mumeo, na dada mmoja anayetunza siri. Usipoweza kuomba, wao wakuombee.

2. Lala. Mtu mwingine ampokee mtoto hata kwa saa chache.

3. Hali ikizidi wiki mbili, nenda kliniki. Ukimpeleka mtoto chanjo, mweleze muuguzi habari zako wewe pia. Matibabu yapo, na zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia. Kumeza dawa si kukosa imani.

4. Ukijiwa na wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, au ukisikia sauti wasizosikia wengine, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukisindikizwa. Mtoto asiachwe nawe peke yenu.

Nanyi mnaomtembelea mzazi, msianze kwa kumwuliza kama kweli ameokoka, wala msimwambie tu aongeze maombi. Fueni nepi, pikeni, mwacheni alale. Kisha ombeni pamoja naye, kwa kifupi. Mkiona haponi, mpelekeni kwa mganga hospitalini bila kumwonea haya.

Mama unayesoma haya ukiwa gizani, Mchungaji wako hajakuacha. Tafadhali, wiki hii usikae kimya.

Mungu awabariki. Tuonane mwezi ujao.