Char Dham: Nani Aliyeondoa Ukomo?

Katika somo la utawala wa umma ninalofundisha, kuna mfano mmoja ambao huwashangaza wanafunzi kila mwaka, kwa kuwa hautoki katika kitabu cha sheria wala cha uchumi. Ni mahekalu manne ya Wahindu katika milima ya Himalaya, jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India: Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath. Kwa pamoja huitwa Char Dham, yaani makao manne. (Ipo Char Dham nyingine iliyotawanyika katika pembe nne za India, na Badrinath imo katika zote mbili, hapa nazungumzia ile ya milimani.) Kwa desturi hujaji huanzia Yamunotri upande wa magharibi na kumalizia Badrinath upande wa mashariki.

Ninachotaka wanafunzi wakione ni kwamba mahekalu haya hufungwa. Sikukuu ya Diwali ikishapita, milango ya Gangotri, Kedarnath na Yamunotri hufungwa kwa ibada, na ile ya Badrinath hufuata. Kisha miungu huteremka. Sanamu ya Kedarnath hubebwa kwa machela hadi Ukhimath, ya Gangotri hadi kijiji cha Mukhba, ya Yamunotri hadi Kharsali. Huko Badrinath sanamu kuu hubaki ndani, ikiwa imefunikwa blanketi la sufi lililofumwa na wanawake wa kijiji cha Mana na kupakwa samli, huku ibada ya majira ya baridi ikihamia Joshimath, bondeni. Milango hufunguliwa tena mnamo Aprili au Mei. Tarehe ya Kedarnath hutangazwa siku ya Mahashivaratri, na ya Badrinath hutangazwa katika kasri la waliokuwa wafalme wa Tehri, ambako wanawake hukamua kwa mikono mafuta ya ufuta yatakayotumika hekaluni.

Sina nia ya kuwapamba wahenga. Hawakuwa na sera ya mazingira; walikuwa na theluji, na mtu hashindani na theluji mita zaidi ya 3,000 juu ya bahari. Lakini waliichukua amri ya theluji wakaifanya amri ya ibada, wakaipa sherehe, mafuta, blanketi na tarehe. Kujua wakati wa kuondoka mlimani kukawa sehemu ya hija sawasawa na kupanda. Hoja yangu ni kwamba dola ya leo imeichukua sikukuu na kuutupa ukomo wake.

Desemba 2016, Waziri Mkuu Narendra Modi alizindua mradi wa kupanua barabara za kwenda kwenye mahekalu hayo: takriban kilomita 900, kwa gharama ya rupia zipatazo bilioni 120. Kisheria, barabara ya urefu huo hudai tathmini ya athari kwa mazingira. Mradi ukagawanywa vipande 53, kila kimoja kikiwa chini ya kilomita 100, na tathmini ikaepukwa. Wasomaji wangu walio katika vitengo vya ununuzi hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanafahamu jinsi zabuni moja inavyozaa vizabuni ili isifike mezani kwa mtu fulani. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu, mwaka 2020 mahakama iliagiza barabara isizidi upana wa mita 5.5. Serikali ikarudi na hoja ya ulinzi, kwamba jeshi linahitaji njia pana kufika mpaka wa China, na Desemba 2021 ikaruhusiwa mita 10. Barabara iliyozinduliwa kwa jina la mahujaji ikapanuliwa kwa jina la askari. Novemba 2023, handaki la Silkyara, lililokuwa likichimbwa katika mradi huohuo kwenye njia ya Yamunotri, liliporomoka na kuwafungia ndani wafanyakazi 41. Walikaa gizani siku 17. Mashine zilipokwama, waliofukua sehemu ya mwisho kwa mikono walikuwa vibarua, Wahindu na Waislamu pamoja, mafundi wa uchimbaji wa mashimo membamba ambao katika migodi ya makaa ya mawe ulipigwa marufuku mwaka 2014.

Hakuna anayeweza kusema hakuonywa. Mwaka 1976, kamati iliyoongozwa na Kamishna wa Garhwal, mtumishi wa umma kama wengi wanaosoma hapa, iliandika kwamba Joshimath umejengwa juu ya kifusi cha maporomoko ya kale. Ikashauri pasifanywe ujenzi mzito, mawe yasilipuliwe, miti ipandwe. Ripoti ikalala. Juni 2013 mafuriko ya Kedarnath yakaua maelfu ya watu. Hekalu likasalimika, baada ya jiwe kubwa kukaa nyuma yake na kuugawa mkondo wa maji. Wengi walilitazama jiwe hilo wakaona muujiza, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na serikali zilizoona humo ruhusa ya kujenga zaidi. Januari 2023, mamia ya nyumba za Joshimath zikapasuka kuta na watu wakahamishwa. Mwaka huohuo mahujaji wa Char Dham walivuka milioni 5, katika jimbo ambalo sensa ya 2011 ilihesabu wakazi milioni 10 tu.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunijibu: basi warudishiwe makuhani mamlaka. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Mwaka 2019 bunge la jimbo lilitunga sheria ya kuyaweka mahekalu 51, yakiwamo haya manne, chini ya bodi ya serikali. Makuhani waliandamana kwa takriban miaka miwili, na Novemba 2021, uchaguzi ukiwa mlangoni, Waziri Kiongozi akatangaza kuiondoa. Niliwaunga mkono, na bado naamini walikuwa na haki. Lakini serikali ilipotaka kuweka ukomo wa mahujaji kwa siku, waliopinga walikuwa wenye hoteli, na makuhani walikuwa bega kwa bega nao. Kuhani naye ana watoto wa kusomesha, na hupata riziki yake katika miezi sita tu. Ndiyo maana nasema idadi hiyo isipangwe na yeyote anayelipwa kwa kila kichwa kinachopita, awe wa hekaluni, wa hotelini au wa wizara ya utalii. Ipangwe na wanaopima miteremko na mito, itangazwe kabla ya msimu, na iwe na nguvu ya sheria.

Sasa hata majira ya baridi yamepata mnada. Serikali inahimiza hija ya kwenda kwenye makao ya chini, Ukhimath, Mukhba na mengineyo, na Machi 2025 Waziri Mkuu mwenyewe alifika Mukhba kuinadi. Wanaoitetea wana hoja: vijiji vitapata kipato, na msongamano wa kiangazi huenda ukapungua. Ningeikubali kama idadi ya kiangazi ingepunguzwa kwanza. Kuongeza msimu wa pili bila kupunguza wa kwanza ni kumnyima mlima mapumziko yake. Agosti 5, 2025, matope na mawe yaliteremka yakakifukia sehemu kubwa kijiji cha Dharali, chenye hoteli na nyumba za wageni za mahujaji wa Gangotri. Dharali iko ng'ambo ya mto, mkabala na Mukhba.