Waridi la Kiwandani na Waridi la Gereji

Bila shaka umepata kuiona picha ya Cadillac ya mwaka 1955 ya mwimbaji Elvis Presley, gari refu la rangi ya waridi. Wengi hudhani lilitoka kiwandani hivyo. La hasha! Lilikuwa la buluu lenye paa jeusi, na ni mwenyewe aliyeagiza lipakwe upya. Lakini tangu hapo wenye Cadillac kuukuu wengi hutamani iwe ya waridi, na wauzaji wanalijua hilo.

Si kwamba viwanda vya Marekani havikuitumia rangi hiyo. Mwaka 1955 Dodge walitoa La Femme, gari walilolinadi kwa wanawake (sijui waume zao walisemaje), likiwa na waridi lililoitwa Heather Rose pamoja na rangi nyeupe. Cadillac walikuwa na Mountain Laurel mwaka 1956, na Ford wakaleta Dusk Rose mwaka 1957. Kila moja ilichanganywa kwa namna yake.

Ukitaka kujua ukweli, tazama kwanza kibati. Kwenye Cadillac hukaa katika ukuta unaotenga injini na abiria, nacho hubeba alama ya rangi. Alama hiyo isomwe kwa orodha ya mwaka uleule wa gari. Hata hivyo kibati chaweza kung'olewa na kupachikwa kingine, kwa hiyo usikiamini peke yake.

Shahidi wa pili ni rangi yenyewe. Waridi ni nyeupe iliyotiwa nyekundu kidogo, na jua huila ile nyekundu. Ndiyo maana boneti hupauka hata ikakaribia rangi ya malai, na fundi anayeiga boneti huwa anaiga kupauka. Chungulia mahali pasipofikiwa na jua: chini ya dashibodi, nyuma ya kifuniko cha mlango, chini ya mpira wa buti. Kisha chukua msasa laini uliolowa maji, usugue taratibu mahali padogo palipofichika. Matabaka yatajitokeza kama duara za kisiki. Waridi likikaa juu ya buluu, umekwisha kupata jawabu.

Ninaowasikitikia ni wale wanaokwangua bodi yote hadi chuma kabla ya kutazama. Ushahidi wa miaka sabini huishia sakafuni mwa gereji. Mwambie fundi wako aache kiraka cha ukubwa wa kiganja ndani ya buti, asikiguse.